*Žьrny, mawe ya kusagia ya Waslavi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapofundisha jinsi maneno ya kale yanavyofufuliwa, huanza na neno moja la jikoni mwa Waslavi, yaani mababu wa Warusi, Wapolandi, Wacheki, Waserbia na jamaa zao. Ni neno dogo, la chombo cha kawaida, lakini ukilivuta linakuja na mizizi yake yote, kutoka Ireland hadi India. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayonirudia. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yanastahili, mengine hayana mengi.

Neno lenyewe ni lipi, na ni la chombo gani?

Neno ni *žьrny. Lilikuwa jina la mawe ya kusagia nafaka kwa mkono, chombo ambacho kwa Kiswahili tunakiita kijaa. Jiwe la chini limetulia. La juu lina tundu katikati la kumiminia nafaka, na lina kipini cha kulizungushia. Unga hutokea pembeni, kwenye mwanya kati ya mawe mawili. Usilichanganye na kinu na mchi: hivyo ni vyombo vya kutwangia, na Waslavi walikuwa na majina mengine kwa ajili yake.

Nyota iliyo mbele ya neno ni ya nini?

Ni ungamo. Inasema kwamba umbo hili halijawahi kuonekana likiwa limeandikwa mahali popote. Limeundwa upya na wataalamu kwa kulinganisha lugha zilizozaliwa baadaye. Mtu aliyeizoesha taaluma yetu alama hiyo ni Mjerumani August Schleicher, katika miaka ya 1860.

Waliosoma isimu ya Kibantu wameshakutana nayo. Kiswahili kina tatu, Kikikuyu kina ithatũ, Kiganda kina ssatu. Hakuna aliyemsikia Mbantu wa zamani za kale akihesabu, lakini sauti hizi zinapishana kwa utaratibu ule ule katika mamia ya maneno, kwa hiyo tunarudi nyuma hadi umbo moja la Mame-Bantu, lugha-mzazi ya zote hizi, lenye nyota yake. Carl Meinhof alianza kazi hiyo kwa lugha zetu mwaka 1899. Kwa Waslavi njia ni hiyo hiyo, na kwa mfano huo nitamwita mzazi wa lugha zao Mame-Slavi.

Kama halikuandikwa, mna hakika gani kwamba lilikuwepo?

Hakika yetu ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu Waslavi walichelewa kidogo tu kuandika. Ndugu wawili kutoka Thessaloniki, Cyril na Methodius, walikwenda Moravia, katika Ucheki ya leo, mwaka 863 na kuanza kutafsiri vitabu vya kanisa kwa lugha ya Waslavi. Wakati huo Mame-Slavi alikuwa ameanza tu kugawanyika. Lugha ya tafsiri zile, Kislavi cha Kale cha Kanisa, ina neno la mawe ya kusagia katika umbo linalokaribiana sana na hilo lenye nyota. Tunachorukia ni karne chache tu.

Halafu kuna lugha za leo. Kirusi kina žërnov, Kiukreni kina žorna, Kipolandi żarna, Kicheki žernov, Kiserbia na Kikroatia žrvanj, Kislovenia žrmlja. Umbo la Kikroatia lina kasoro ya kupendeza: n na v zimebadilishana nafasi, kama mtoto anavyopindua sauti za neno gumu, na mapinduzi hayo yakabaki kuwa ndiyo sahihi.

Linatamkwaje?

Sauti ž haimo katika Kiswahili. Ni ile inayosikika katikati ya neno la Kifaransa bonjour. Alama ь si konsonanti wala si pambo. Ni i fupi mno, iliyokuwa njiani kumezwa. Nayo y ya mwisho ni irabu iliyo kati ya i na u, ulimi ukiwa nyuma na midomo ikiwa imetandazwa. Anayejaribu kusema u huku akitabasamu atakaribia.

Kwa nini Kirusi kina -ov mwishoni wakati Mame-Slavi hana?

Hapa ndipo ninapopenda kukaa.

Mame-Slavi alikuwa na kikundi kidogo cha majina ya kike yaliyoishia kwa -y, ambayo yakibadilishwa kisarufi yalitoa -ъv- iliyokuwa imejificha (ъ ni u fupi mno, ndugu wa ь). Ukisema mawe ya kusagia kama kiima, ni *žьrny. Ukisema ya mawe ya kusagia, ni *žьrnъve. Katika kikundi hicho kulikuwa na *svekry, mama mkwe upande wa mume, na *tyky, aina ya boga, na baadaye neno la kanisa likaingia humo humo. Mtindo huu ulikuwa wa kale na ulikuwa unafifia. Wasemaji walipochoka kukumbuka maumbo mawili kwa neno moja, walichagua lile lililotumika zaidi kwenye sentensi, yaani lenye v, na kuliacha jingine life.

Ndiyo maana Kirusi cha leo kina svekrov' kwa mama mkwe, tserkov' kwa kanisa, tykva kwa boga, na žërnov kwa jiwe la kusagia. Mtu wa Moscow akitaja vitu hivi vinne haoni kinachoviunganisha, lakini v iliyomo katika kila kimoja ni mabaki ya ngeli moja iliyokufa. Kipolandi kilikwenda njia nyingine, kikalifanya neno kuwa wingi tu: żarna, hakuna umoja katika matumizi ya kawaida. Kilithuania nacho kina girnos, wingi tu. Sababu inaonekana ukikitazama chombo: jiwe moja peke yake halisagi. Hata sisi husema mawe ya kusagia.

Lina ndugu gani nje ya lugha za Kislavi?

Ndugu wa karibu wako kwa majirani wa Baltiki: girnos ya Kilithuania na dzirnavas ya Kilatvia, ambayo leo ni kinu kizima cha kusagia. Mbali kidogo kuna ukoo wa lugha za Kijerumani, ambao si Kijerumani cha leo peke yake: Kiingereza kina quern, Kiswidi kvarn, na Kigothi, lugha iliyokufa ya Wagothi, kina qairnus. Kwa Waselti, Kiairishi cha kale kina bráu na Kiwelisi kina breuan. Kiarmenia kina erkan. Na Kisanskriti kina grāvan, jiwe lililotumika kukamua soma, kinywaji cha ibada; katika Rigveda, mkusanyo wa nyimbo takatifu za Wahindi wa kale, mna nyimbo zinazoimbiwa mawe hayo yenyewe.

Kwa hiyo neno si mali ya Waslavi peke yao. Walilirithi kutoka kwa mame wa lugha zote za Kihindi-Kiulaya, aliyesemwa maelfu ya miaka kabla ya Mslavi wa kwanza kuitwa Mslavi.

B, kv, g, ž: sauti hizi zinawezaje kuwa kitu kimoja?

Zote zinatokana na sauti moja ambayo wataalamu huiandika *gʷ: g inayotamkwa midomo ikiwa imeviringwa. Waselti waliifuata midomo, wakabaki na b. Wajerumani wa kale walizifanya g zao zote kuwa k katika badiliko ambalo Jacob Grimm alilieleza mwaka 1822, kwa hiyo *gʷ ikawa kw, ndiyo q ya Kigothi. Wabalti na Waslavi waliiacha midomo, ikabaki g tupu: girnos.

Mslavi akaongeza hatua moja. Kila g iliyotangulia irabu ya mbele, kama i au e, ililainishwa ikawa ž. Msemaji wa Kiswahili hahitaji darasa refu kwa jambo hili. Mwenyewe husema kitu changu na chakula chetu, ilhali kiambishi ni ki-: ki-angu imekuwa changu, ki-etu imekuwa chetu. K iliyofuatwa na sauti ya i imesogea mbele ya kinywa na kuwa ch. Kilichotokea kwa g ya Waslavi ni cha ukoo huo.

Je, lina uhusiano na neno la Kislavi la punje, *zьrno?

Hapana, ingawa hili ndilo swali linalowashinda wengi, na ni rahisi kuona kwa nini. Kipolandi kina ziarno kwa punje na żarna kwa mawe ya kusagia. Kirusi kina zerno na žërnov. Kicheki kina zrno na žernov. Punje ndiyo inayoingia kwenye mawe, sauti zinafanana, nani asingeamini ni mtu na ndugu yake?

Mashahidi wa nje ndio wanaowatenganisha. Angalia Kigothi: punje ni kaurn, yenye k tupu, lakini mawe ya kusagia ni qairnus, yenye kw. Angalia Kilithuania: žirnis, ambayo leo ni njegere, inaanza na ž, lakini girnos inaanza na g. Lugha mbili zisizoazimana zimeweka mpaka mahali pale pale. Maana yake ni kwamba tangu zamani zilikuwa sauti mbili tofauti. Punje ilianza na g ya mbele ya kinywa, ile inayotoa granum ya Kilatini. Mawe yalianza na g ya nyuma yenye midomo iliyoviringwa.

Tazama mtego uliomo humo. Ž ya Kilithuania katika žirnis ni ya kale na inalingana na z ya Waslavi. Ž ya Waslavi katika *žьrny ni changa na inalingana na g ya Kilithuania. Mtu anayelinganisha herufi kwa macho ataunga žirnis na *žьrny, na atakosea kabisa. Kufanana kwa maneno hakuthibitishi undugu. Kinachothibitisha ni kupishana kwa sauti kwa utaratibu. Nimeona wanafunzi wakielewa etimolojia, yaani uchunguzi wa asili ya maneno, kwa mara ya kwanza kwenye mfano huu mmoja, baada ya miezi ya kukariri kanuni.

Maana yake ya asili ilikuwa nini?

Wataalamu wengi wanaliunganisha na mzizi wenye maana ya uzito, ule uliotoa gravis ya Kilatini, barýs ya Kigiriki, guru ya Kisanskriti na kaurus ya Kigothi, zote zikimaanisha -zito. Kwa hiyo mawe ya kusagia yalikuwa kile kizito.

Mimi nakubaliana nao, na sababu yangu ni grāvan ya Kisanskriti. Jiwe lile halisagi nafaka, linakamua mmea. Kama neno lingezaliwa na tendo la kusaga, Wahindi wa kale wasingelipeleka kwenye ukamuaji. Kinachoyaunganisha mawe ya Waslavi na ya makuhani wa Rigveda ni uzito wa jiwe. Tendo la kusaga, kwa upande wake, lilikuwa na mzizi wake, uliotoa molot' ya Kirusi, mleć ya Kipolandi, malti ya Kilithuania, mahlen ya Kijerumani na molere ya Kilatini. Hakuna hata alama ya kusaga ndani ya jina la chombo.

Je, chombo kilikuwa hiki hiki tangu mwanzo?

Hapana, na jambo hili husahaulika sana. Kijaa cha kuzungusha ni uvumbuzi wa baadaye. Katika Ulaya ya magharibi kinaonekana kwanza Iberia, rasi ya Hispania na Ureno, yapata karne ya 5 kabla ya Kristo. Kabla ya hapo watu walisaga kwa jiwe bapa lililolala, mtu akipiga magoti mbele yake na kusukuma jiwe dogo kwenda na kurudi kwa mikono miwili. Kazi hiyo inajulikana vizuri katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

Neno letu ni la zamani kuliko kijaa cha kuzungusha kwa maelfu ya miaka. Wahindi wa kale, Waselti na Wabalti walilipata kabla ya mtu yeyote kuzungusha jiwe juu ya jiwe. Kwa hiyo chombo kilibadilika mikononi mwa watu huku jina likibaki vile vile. Wasagaji hawakuona haja ya jina jipya: jioni unga ulikuwa ni ule ule.

Huenda Waslavi waliliazima kwa Wagothi?

Swali hili lina msingi, maana Waslavi waliazima mengi kwa majirani hao. Hata jina lao la mkate, *xlěbъ, lilitoka kwa watu wa lugha za Kijerumani. Lakini mkopo huja na nguo za mwenye mali. Kama wangeazima qairnus, wangeazima k yake, na neno la leo lisingekuwa na ž. Ž ya *žьrny inatokana na g ya kale ambayo Wajerumani walikwisha kuipoteza. Mwenye sauti ya zamani zaidi hawezi kuwa ndiye aliyeazima kutoka kwa mwenye sauti mpya.

Ilivyotokea, basi, ni kwamba mkate ulioinuka ulikuja na jina la kigeni, lakini mawe yaliyosaga unga wake yalikuwa ya nyumbani.

Na kinu cha maji?

Hapo ndipo mkopo ulipo. Kinu kikubwa cha kusagia kinachoendeshwa na mto kilikuja kutoka ulimwengu wa Kirumi, na jina likaja nacho: molinum ya Kilatini cha baadaye, kupitia midomo ya Wajerumani, ikawa *mъlinъ, ambayo leo ni młyn ya Kipolandi, mlýn ya Kicheki, mlin ya Kikroatia na mlyn ya Kiukreni. Kirusi kilijiundia chake, mel'nitsa, kutokana na kitenzi chake cha kusaga.

Kwa karne nyingi maneno mawili yakaishi jirani bila kugombana. Lililoazimwa lilikuwa la mtoni, kwa msagishaji anayelipwa. Lililorithiwa lilikuwa la ndani ya nyumba. Baadaye žërnov ya Kirusi ilipanda cheo na kuwa jina la jiwe kubwa la ndani ya kinu cha maji pia.

Linapatikana katika Biblia?

Ndiyo, na kwa msomaji wa Kiswahili hii ndiyo njia fupi ya kukutana nalo. Katika Mathayo 18:6, anayemkosesha mdogo mmoja ni afadhali afungwe shingoni jiwe kubwa la kusagia na kutoswa baharini. Kislavi cha Kanisa kinasema žernov oselskij, jiwe la kusagia la punda, kikifuata Kigiriki neno kwa neno. Ni jiwe la ukubwa wa kuzungushwa na mnyama. Wafasiri wa Kiswahili waliutunza ukubwa na kumwacha punda.

Jambo la kushangaza ni kwamba Wulfila, aliyetafsiri Biblia kwa Kigothi katika karne ya 4, alifanya kama Waslavi watakavyofanya miaka 500 baadaye. Katika Marko 9:42 aliandika asiluqairnus, punda na jiwe katika neno moja, na ni katika neno hilo tu ndimo qairnus ilimosalia kwetu. Kama ukurasa ule ungeoza, tungempoteza shahidi muhimu.

Halafu kuna Mathayo 24:41, wanawake wawili wakisaga pamoja. Kislavi cha Kanisa kinaweka v žernovah, kwa wingi, yaani kwenye mawe yote mawili.

Limeacha majina ya mahali?

Limeacha. Linalonigusa zaidi ni Žernoseky, jina la vijiji vya Bohemia, sehemu ya magharibi ya Ucheki. Žernosek ni mchongaji wa mawe ya kusagia, kwa hiyo kijiji kiliitwa kwa kazi ya watu wake. Juu ya mlima Avala, karibu na Belgrade, ilikuwepo ngome ya zamani iliyoitwa Žrnov. Mabaki yake yalibomolewa mwaka 1934 ili kujenga mnara wa askari asiyejulikana uliobuniwa na Ivan Meštrović.

Nani amelifanyia kazi neno hili?

Wengi. Wawili wanatosha hapa. Max Vasmer, mzaliwa wa St. Petersburg aliyefundisha Berlin, alitunga kamusi ya etimolojia ya Kirusi. Maktaba yake na vikaratasi vyake vya kazi viliteketea kwa mabomu mwezi Januari 1944, akaanza upya, na kamusi ikatoka kati ya 1950 na 1958. Oleg Trubachev aliitafsiri kwa Kirusi na kuiongezea, kisha mwaka 1974 akaanza kutoa Moscow kamusi kubwa ya maneno ya Mame-Slavi yenyewe.

Lina uhusiano wowote na Kiswahili?

Hakuna. Saga ni letu, jiwe ni letu, na familia hizi mbili za lugha hazina undugu unaoonyesheka. Kinachofanana ni njia ya uchunguzi tu.

Kuna watu ambao bado walilitumia katika karne ya 20?

Tena sana, na katika hali ambayo sipendi kuipita haraka. Vijijini Ukraine, žorna zilikuwa chombo cha kila siku hata vinu vikubwa vilipokuwa karibu. Wakati wa njaa ya 1932 na 1933, vikosi vilivyopita nyumba kwa nyumba kunyang'anya nafaka vilitafuta mawe haya pia. Walionusurika wamesimulia jinsi yalivyovunjwa au kuchukuliwa, kwa sababu mwenye mawe angeweza kugeuza kuwa unga konzi ya punje alizookota shambani au kuzificha. Kuna waliopasuliwa mawe yao mbele ya watoto wao.

Miaka michache baadaye, Poland ikiwa chini ya utawala wa Wanazi, wakulima walilazimishwa kutoa nafaka yao na kusaga nyumbani kulikatazwa. Watu walificha żarna ghalani na chini ya nyasi kavu, wakasaga usiku mmoja akiwa amesimama nje kulinda. Kizazi kile kilizijua sauti mbili za neno hili: ile ya midomoni, na mngurumo wa jiwe juu ya jiwe ambao usiku ungeweza kusikika hadi barabarani.